Siku Tuliyopima Presha Zoni ya Juu

Mama yangu hakuwahi kuielewa kazi yangu, na sababu zake zilikuwa nzuri. Kwetu Heru Juu maji tulikuwa tunateka bondeni, yeye na ndoo yake, mimi na dumu langu. Halafu mtoto huyo huyo akasomeshwa, akasomea maji, akaajiriwa na shirika linalopeleka maji ya bomba kwenye kambi ya wakimbizi. Kila nilipokwenda kumsalimia alianza na swali lile lile, mkononi kashika mwiko wa ugali wa muhogo.

"Hao wageni wako wamekunywa?"

"Wamekunywa, mama."

"Haya. Na mimi ngoja niende mtoni."

Kwa hiyo kiangazi kile, zoni ya juu ya kambi ilipokaukiwa, aibu yangu ilikuwa ya pande mbili. Nyumbani hawana bomba, na kambini bomba lipo ila halitoi kitu. Nikawaza, mtaalamu wa maji gani huyu anayekaukiwa kotekote?

Kambi ile imekaa juu ya matuta mawili, katikati kuna bonde. Tenki liko kwenye tuta refu. Maji yakitoka tenkini yanateremka mpaka bondeni, kisha yanapanda yenyewe tuta la pili hadi zoni ya juu, kwa kuwa tenki limeizidi zoni hiyo kwa urefu. Ndivyo maji yalivyo, ukiyashusha kutoka juu yatapanda mpaka yakaribie pale yalipotoka. Lakini yale ya kwetu yalikuwa yakiteremka vizuri, yakifika bondeni yanakata tamaa. Wanawake wa zoni ya juu wakawa wanashuka na madumu mpaka vituo vya chini na kupanda nayo kichwani. Pale kwenye bomba lao kavu walikuwa bado wanapanga foleni ya vitu, jiwe la huyu, ndala ya yule, sufuria isiyo na mkono, kila kitu kikimshikia mwenyewe nafasi siku maji yatakapoamka.

Mimi na fundi wangu tulikuwa tumeshakagua kila valvu tuliyoijua. Fundi alikuwa Mkongomani wa makamo, naye mkimbizi, mtu mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata akiwa ndani ya shimo. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kambi nyingine upande wa Kibondo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao.

"Madamu," aliniambia, "mayi haina shida. Tiyo njo iko na shida. Inapoteza nguvu fasi moya, lakini fasi gani?"

Tiyo kwake ni bomba la kupitisha maji, na fasi ni mahali. Tukakubaliana kwamba njia iliyobaki ni kupima presha kituo kwa kituo, asubuhi na mapema watu wakiwa hawajafungua koki, tukianzia zoni ya juu. Pale presha inapopotea ndipo penye ugonjwa.

Nikamwendea mwenyekiti wa zoni. Alikuwa mzee wa Kirundi mwenye miwani, aliyevaa koti la suti hata jua likiwaka, na kipaza sauti chake cha mkononi alikibeba kama wengine wanavyobeba mtoto.

"Mwenyekiti, naomba uwatangazie watu. Kesho asubuhi tutapima presha hapa bombani. Mtu asiguse koki wala asiteke mpaka tumalize kupima."

"Presha," akasema.

"Presha."

"Bure?"

Nilidhani ananitania. "Bure kabisa, mwenyekiti."

Jioni ile nikiwa napanda gari kurudi Kasulu nilimsikia kwa mbali, anatangaza kwa Kirundi huku anakatiza kati ya nyumba. Kiha chetu na Kirundi ni ndugu, ningesikiliza ningeelewa. Lakini nilikuwa nimechoka na dereva alikuwa na redio yake.

Kesho yake tulipofika, fundi alivua kofia. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake mpaka siku ile.

"Madamu," akaninong'oneza, "ni nani alikufa?"

Kutoka kwenye bomba, kupita kanisa la matofali ya udongo, mpaka kule ambako njia inakunja, kulikuwa na foleni. Safari hii haikuwa ya mawe wala ndala. Ilikuwa ya wazee. Wamevaa nguo za ibada, vitenge vimepigwa pasi, wengine wana fimbo, mmoja ameletwa juu ya keria ya baiskeli, mwingine ndani ya toroli, ametandikiwa blanketi kama bwana harusi. Na wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamekunja mkono wa kushoto wa nguo mpaka juu ya kiwiko.

Aliyeshika nafasi ya kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye macho makali. "Bwakeye, mwananje," akanisalimu kwa Kirundi. "Anza na mimi. Sijanywa hata chai, kama mlivyosema."

Nikamtafuta mwenyekiti kwa macho. Alikuwa amesimama kando, koti limefungwa vifungo vyote, anatabasamu kama mtu aliyeifanya kazi yake vizuri. Kumbe tangazo langu lilikuwa limefupishwa. Kesho asubuhi, bombani, watu wa maji wanapima presha, bure, na mtu asinywe kitu kabla hajapimwa.

Nikatoa geji kwenye sanduku lake. Ni kitu kidogo cha shaba, kina uso wa saa na sindano moja. Bibi akaitazama, akautazama mkono wake, akaitazama tena.

"Hiyo unaifunga wapi?"

"Kwenye bomba, bibi."

"Na mimi?"

Nikapanda juu ya zege la kituo nikajaribu kueleza. Nikasema presha tunayopima leo ni presha ya maji. Mzee wa kwenye toroli akanyoosha mkono.

"Maji nayo yana presha?"

"Yanayo, mzee."

"Yanaumwa?"

"Tuseme yanaumwa. Ndiyo maana hayawezi kupanda kilima."

"Basi mimi na maji ugonjwa wetu mmoja," akasema. "Kilima kimenishinda tangu mwaka jana. Nipime."

Watu wakampigia makofi. Fundi akaona nimezidiwa, akaja kunisaidia kwa sauti yake nzito. "Bazee, musikie muzuri! Leo hatupimi damu ya mutu. Tunapima tiyo!" Mzee mmoja akamjibu kutoka katikati ya foleni kwamba hata yeye ana tiyo, za damu, na daktari alishamwambia zinaanza kuziba. Fundi akavaa kofia yake.

Hapo simu ikaita. Ni bosi wangu, yuko ofisini Kibondo, na kwa kawaida yake hasemi salamu.

"Mmeanza kupima presha?"

"Tuko hapa bombani, bosi."

"Watu wametoa ushirikiano?"

Niliitazama foleni. "Mkubwa sana."

"Safi. Nitumie majibu kabla ya mchana," akakata.

Sikuweza kuwafukuza. Bibi yule alikuwa na umri wa nyanya yangu, ameacha chai yake kwa ajili ya neno langu. Nikamtuma dereva zahanati ya kambi. Alirudi na muuguzi mmoja wa Tanga, dada mfupi mchangamfu aliyekuwa ameletwa huku bara na ajira na hakuacha kuwatangazia watu wote kwamba huku nazi hakuna. Alishuka garini na mashine yake, akaiona foleni, akashika kiuno.

"Ala! Nani kawaambia wazee hawa wakae na njaa? Presha gani inayotaka mtu asinywe chai?"

Mwenyekiti alianza kukikagua kipaza sauti chake kama kina hitilafu.

"Basi nyie wa maji pimeni maji yenu," akasema muuguzi, "na mimi nipime watu. Na mtu alete uji."

Uji ukaletwa, nyumba hii kidogo, nyumba ile kidogo. Muuguzi akakaa upande mmoja wa zege, anafunga kitambaa chake kwenye mikono, kinavimba, kinapumua. Mimi na fundi upande wa pili tukaifunga geji kwenye bomba na kufungua koki. Foleni nzima ikanyoosha shingo. Sindano ilikuwa imelala kwenye sifuri, na kwenye sifuri ikabaki.

"Ngapi?" akauliza mzee wa kwenye toroli.

"Sifuri."

Akamgeukia muuguzi. "Dada, mtu mwenye presha sifuri anakuwaje?"

"Huyo amekufa, babu."

Mzee akalitazama bomba kwa huruma. "Tumzike," akasema.

Walicheka mpaka uji ukamwagika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nawaza majibu ya kumtumia bosi, jua limeanza kuchoma, vumbi jekundu limenijaa puani. Muuguzi akaniona, akanivuta mkono bila kuniuliza, akanifunga kitambaa chake. Aliposoma mashine yake alinyanyua nyusi.

"Dada wa maji, wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza leo. Ya kwako iko juu kuliko ya hawa wazee wote niliowapima."

Fundi alisubiri kidogo, kwa adabu, kabla ya kusema. "Kumbe presha ya kambi haikupotea. Yote iko kwa madamu."

Nilimtazama kwa hasira, halafu nikacheka nami, kicheko kilichonitoka tumboni hata machozi yakanilenga. Nadhani ndicho kilichoniponya, maana muuguzi aliponipima tena baadaye alisema imeshuka.

Aliyefuata kupimwa alikuwa yule bibi mwembamba, ambaye kwa sababu ya uji alikuwa amepoteza nafasi ya kwanza na hakufurahi. Muuguzi akampima, akapima tena.

"Bibi, presha yako ni ya msichana. Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa. Nakunywa maji ya isoko."

Muuguzi akashangaa. "Maji ya sokoni?"

"Hapana, ya isoko!"

Hapo ndipo masikio yangu yalipoamka. Kwa Kirundi, na hata kwa Kiha chetu, isoko ni chemchemi, maji yanayobubujika yenyewe ardhini. Mtu wa Tanga hawezi kujua.

"Bibi," nikamuuliza, "chemchemi iko wapi? Huku ni kiangazi. Hata mto wa kwetu umebaki matope."

"Bondeni, kwa yule bwana mwenye bustani. Mungu kampa. Alipiga jembe chini mara moja tu, maji yakaruka. Sisi kila siku tunashuka, tunakunywa, tunaimba kidogo, tunapanda."

"Yalianza lini hayo maji?"

Bibi akafikiri. "Mara tu baada ya hili bomba kukauka. Si unaona wema wa Mungu? Alipofunga hapa akafungua pale."

Mimi na fundi tukatazamana. Yeye tayari alikuwa anakusanya spana.

Tulishuka bondeni na msafara. Nilikuwa nimesema twende wawili, lakini wazee waliokwisha kupimwa hawakuona sababu ya kubaki, na toroli nayo ikashushwa kabla ya zamu yake, mwenyewe ndani yake anatoa maelekezo. Bustani tuliiona tukiwa bado mbali. Bonde lote lilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma, na katikati yake kulikuwa na kijani cha kuumiza macho, kimezungushiwa uzio wa matete. Tulikuwa tumepita jirani na uzio ule mara nyingi tukienda kukagua valvu, na kila mara niliusifu kimoyomoyo. Mchoro tuliopewa ulionyesha bomba linapita mbali na pale. Mchoro ulidanganya, au waliochimba mtaro zamani walichoka wakakata kona.

Mwenye bustani alitufungulia mwenyewe. Alikuwa Mrundi mrefu aliyezoea kuongoza kwaya, hata salamu yake ilikuwa na kiitikio. Akatutembeza. Lengalenga, mchicha wa kwao, zilikuwa zimefika kiunoni, nyanya zimeegemea vijiti, migomba imechipua upya, na katika kidimbwi cha mwisho bata walikuwa wanaogelea kama wako kwao. Katikati, pamezungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa, maji yalikuwa yanabubujika.

"Nilikuwa nalima mihogo," akatueleza, "mihogo ya shida, ardhi ngumu. Nikainua jembe, nikasema, Bwana, unaniona? Nikapiga. Paa! Yakaruka mpaka kifuani." Akatulia ili tuupate uzito wa maneno yake. Kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa alijua habari ile inafanana na ile ya fimbo iliyopiga mwamba jangwani.

Fundi akapiga goti, akachota kwa kiganja, akanusa. Akanipa nami ninuse. Harufu ile ninaijua kuliko ya mafuta yangu ya nywele, maana tenkini tunaitia wenyewe.

"Papa," fundi akamwambia taratibu, "hii mayi iko na klorini."

"Ndiyo," akajibu mwenye bustani bila kutikisika. "Mungu anashindwa kutia dawa?"

Nilimwomba ruhusa ya kuchimba. Alimtazama bibi, akawatazama wazee, kisha akatoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba tusikanyage vitunguu. Fundi akachimba, mimi nikachota matope, na wazee wakaanzisha wimbo, sijui wa kututia nguvu au wa kututahadharisha. Hatukuchimba kirefu. Bomba jeusi la plastiki likajitokeza, na mgongoni mwake lilikuwa na kidonda kirefu, chembamba, kilichokaa sawasawa na ubapa wa jembe. Maji yote yaliyotoka tenkini kwenda zoni ya juu yalikuwa yanatokea pale, yakinywesha bata.

Wimbo ukafifia sauti moja moja. Bibi mwembamba akainama, akalitazama lile bomba kwa muda.

"Kumbe tumekuwa tukimshukuru Mungu kwa maji ya tenki," akasema.

Mwenye bustani akajinyoosha. "Na hilo tenki," akauliza, "nani alilipandisha kilimani?"

Nikataka kusema ni shirika, na kreni ya kukodi kutoka mjini, lakini nilipouona uso wake nikaacha. Mtu yule hakuwa mwizi wa maji. Aliomba, akapiga jembe, maji yakatoka, na maji yale hakuyafungia. Alimpa kila aliyekuja. Ningekuwa mimi, ningeamini hivyo hivyo.

Tukafunga valvu ya juu. Chemchemi ikapungua, ikatoa mapovu, ikanyamaza. Ni bata tu waliolalamika. Fundi akakata kipande chenye kidonda, akaunganisha kipya, akakikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwenye bustani alikaa juu ya jiwe lake lenye chokaa, mgongo ametugeuzia.

"Mmenifungia baraka," akasema bila kugeuka.

"Hapana, mzee. Kuna kituo cha maji pale juu kidogo ya bustani yako. Maji yanayomwagika watu wakiteka yanaishia njiani yanafanya tope. Tutakuchimbia mfereji yaje huku."

"Maji ya kumwagika," akasema.

"Ni mengi kuliko unavyodhani. Watu hawajui kuteka."

Alisogea kwenye jiwe ili fundi apate pa kukaa, na nililihesabu hilo kuwa ndiyo.

Valvu ilipofunguliwa tukapanda haraka kurudi zoni ya juu. Habari zilikuwa zimetangulia. Wanawake wamejaa, madumu yamejaa, mawe na ndala zimeondolewa kwenye foleni na wenyewe wamesimama mahali pao. Mwenyekiti alikuwa mbele kabisa, na koki ilikuwa wazi. Kwanza bomba lilitoa pumzi ndefu. Kisha likakohoa. Kisha kimya.

"Subirini," nikasema. "Ni hewa inatoka. Mtu asisogee karibu."

Mwenyekiti hakuwa mtu wa kusogezwa na matangazo ya wengine. Akainama, akafumba jicho moja, na lile lingine akaliweka mdomoni mwa bomba aone kinachochelewesha. Maji yakaja. Yalimpiga usoni, yakavua miwani yake, yakaingia shingoni ndani ya lile koti na kutokea mikononi. Akarudi nyuma akapepesuka mpaka akaketi kwenye tope, kipaza sauti juu angani kisilowe, na kidole chake kikawa kimebonyeza kitufe, kwa hiyo zoni nzima, na pengine zoni ya pili, ilimsikia akitangaza:

"Presha ipo! Presha ipo jamani!"

Nilimtumia bosi majibu hayo ya mwenyekiti, neno kwa neno. Akanijibu kwamba anataka namba.

Baada ya hapo muuguzi wa Tanga akaizoea zoni ya juu. Miongoni mwa wazee wale walikuwamo walioishi na presha kali bila kujua, akiwamo bwana wa toroli, na alipoanza kumeza dawa alipata nguvu ya kushuka mwenyewe, ingawa toroli aliendelea kuiita yake. Ikawa wazee wanapimwa pale pale bombani kwa siku maalumu, na siku hizo wanakunywa chai kwanza. Mfereji tuliuchimba kama tulivyoahidi. Maji yake yalikuwa machache kuliko ya chemchemi, bata wakauzwa, lakini lengalenga na vitunguu vikaendelea.

Aliyekasirika ni bibi mwembamba. Siku moja nilimkuta anashuka bondeni mikono mitupu, fimbo inatangulia.

"Bibi, maji si yamefika mlangoni kwako? Unakwenda wapi tena?"

"Maji yamefika," akasema. "Lakini wenzangu wa kuimba nao wako kule. Na wewe umeniletea bomba jirani, sasa nikikaa tu, hiyo presha si itanipata?"

Nikamwambia hapo hajakosea. Akanikabidhi fimbo yake nimshikie, akajifunga kitenge vizuri, akaichukua tena, akaendelea kuteremka, na kabla hajafika kwenye uzio wa matete nilisikia ameshaanza wimbo peke yake, wa kule chini wakamwitikia.